Nani Alipie Maji ya Ruvu?

Msikilizaji, mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipungua, na Dar es Salaam ikarudi kwenye mgawo na foleni za madumu. Sasa tutazame mto huo unakoanzia, milima ya Uluguru. Huko Kibungo Juu, miaka kabla ya hapo, katika mradi wa mashirika ya CARE na WWF, wakulima walilipwa walime kwa matuta ya ngazi na kupanda miti, ili udongo usiteremke mtoni. DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na Coca-Cola walichangia.

Wanaopinga watumiaji wa maji kuwalipa wakulima hao nao wana hoja: mwenye bili tayari analipa, na mabomba mengi yanavuja. Ni kweli. Ila mradi wa wafadhili huwa na mwisho. Mvua ya masika hurudi kila mwaka na kuteremsha udongo. Je, fedha za kuwalipa wakulima zitoke kwenye kodi, au kwenye bili yako?