MICHEZO YA KOMPYUTA KATIKA LINUX: MAONI YA MCHEZAJI MZEE

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu katika mkutano wa mwaka, baada ya chakula cha mchana. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Kwanza kabisa naomba niishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Kusema na watu walioshiba pilau ni kazi ngumu, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Pili, nawaomba radhi wale waliotazamia kwamba mtu aliyeitumikia reli kwa miaka 34 angezungumzia jambo zito zaidi kuliko michezo. Nitasema juu ya michezo ya kompyuta, hasa ile inayochezwa katika Linux. Lakini nivumilieni, maana katika ajenda ya saa kumi lipo pendekezo la kuziuza kama vyuma chakavu zile kompyuta 18 tulizoichangia shule mwaka 2013. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa.

Wenzangu tuliomaliza mwaka 1974 watakumbuka adhabu niliyopata kidato cha tatu. Tulikuwa nyuma ya bweni wakati wa prepo, tukicheza drafti kwa vizibo vya soda. Mwalimu wa zamu akatukuta, akauvunja ubao wetu juu ya goti lake, nasi tukafyeka nyasi za uwanja kwa wiki nzima. Sina kinyongo naye, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Ila tangu siku ile nimebaki na swali: je, alivunja uvivu wetu tu, au alivunja na somo lililokuwa ndani ya uvivu ule?

Kwa wale wasioifahamu Linux, nieleze kwa ufupi. Kila kompyuta ina programu inayoziendesha programu nyingine zote. Wengi wetu tunaijua Windows. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Linux hutolewa pamoja na maandishi yake ya ndani, yaani yale maagizo yenyewe yaliyoandikwa na mafundi, na leseni yake inakuruhusu kuyasoma, kuyabadili na kumgawia mwenzio. Programu za namna hiyo huitwa programu huru. Ipo michezo mingi iliyotengenezwa chini ya leseni kama hiyo, na ndiyo niliyoishughulikia tangu nilipostaafu.

Nianze na mchezo ulionivuta mimi, mtu wa reli. Unaitwa OpenTTD. Mchezaji anapewa kampuni changa ya usafiri na mkopo wa benki, naye hujenga reli, barabara na bandari, akibeba makaa ya mawe, barua na abiria. Mchezo wa asili, Transport Tycoon, ulitungwa na Chris Sawyer na kutolewa mwaka 1994, nao ulikuwa mali ya biashara. Mwaka 2004 Ludvig Strigeus wa Sweden alitoa programu iliyouiga, iliyo huru. Hapo mwanzo ulilazimika kuwa na picha za mchezo wa zamani, lakini watu wa kujitolea wakachora picha mpya, na tangu mwaka 2010 mchezo umesimama kwa miguu yake.

Ndugu wanachama, niliyoyafundishwa kazini kwa miezi mingi juu ya ishara za treni, mjukuu wangu wa kidato cha pili aliyajua kwa Jumamosi tatu. Alijenga njia moja, akaweka treni mbili, moja ikitoka mashariki na nyingine magharibi. Zikakutana katikati, zikasimama uso kwa uso. Akaniuliza, "Babu, mbona haziendi?" Nikamwambia, "Wewe ndiye meneja, mimi nimestaafu." Akakaa akifikiri, kisha akajenga njia ya kupishana na kuweka ishara kila upande. Treni zilipopishana alipiga kelele hata jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mchezo wa pili ni The Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka 2003. Huu ni wa vita, ila si wa kufyatua risasi ovyo. Unachezwa kwa zamu kama drafti yetu, juu ya ramani yenye misitu, milima na vijiji. Wapo askari wanaopigana vyema zaidi mchana kwa asilimia 25, na usiku hupungukiwa kwa kiasi hicho hicho. Wapo na wa usiku, ambao kwao mambo hugeuka. Asiyetazama jua lilipo hupoteza jeshi.

Walimu wa hesabu watanielewa hapa. Askari wa kibinadamu aliyejificha kijijini ana kinga ya asilimia 60, maana yake kila pigo la adui lina nafasi ya asilimia 40 tu ya kumpata. Adui mwenye mkuki hupiga mara tatu. Je, nafasi ya kukoswa mara zote tatu ni ipi? Ni 0.6 mara 0.6 mara 0.6, yaani kama asilimia 22. Mjukuu wangu alikuwa akilichukia somo la uwezekano, lakini hesabu hiyo aliifanya kwa hiari yake pembeni mwa daftari, kwa sababu alikuwa na askari wake wa kumwokoa.

Lakini yaliyotokea baadaye ndiyo yaliyonifumbua macho. Alipochoka kushindwa, nilimwonyesha faili inayomweleza yule askari wa mkuki. Ni maandishi ya kawaida: bei yake vipande 14 vya dhahabu, uhai wake 36. Nikamwambia, "Badilisha upendavyo." Akaandika 360. Jioni ile alishinda kila pambano, na haikupita nusu saa akaanza kupiga miayo. Kabla ya kulala aliirudisha 36 mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Nimekuwa mzazi na babu kwa miaka mingi, na bado sijapata maneno ya kumweleza mtoto kwa nini sheria zipo kama alivyojieleza mwenyewe kwa kufuta sifuri moja.

Wa tatu ni Freeciv, ulioanzishwa na wanafunzi watatu wa chuo kikuu cha Aarhus, Denmark, mwaka 1995. Hapo mchezaji huliongoza taifa kutoka enzi za kale hadi safari za anga, akipima mkate, shule na silaha. Picha zake ni duni, na anayeanza atachoka kabla ya kuuelewa. Lakini vijana sita katika kompyuta sita wanaweza kucheza pamoja kwa waya tu, bila intaneti wala vocha. Kwa shule yetu, ambayo mtandao huja na kuondoka kama umeme wa enzi zetu, hilo si jambo dogo. Kwa wadogo uko GCompris, mkusanyiko wa michezo ya kuhesabu na kusoma, ulioanza mwaka 2000. Na kwa wale wapendao mashindano ya magari uko SuperTuxKart, ingawa kompyuta zetu kuukuu huenda zikahema.

Nisiwafiche upungufu. Vijana wengi watauliza kwanza mpira wa miguu, na hapo Linux hainipi raha. Mchezo huru wa mpira ulio mzuri bado sijauona. Fortnite na Valorant, ambazo vijana huzitaja sana, hazichezeki katika Linux, kwa kuwa wenye michezo hiyo hawakuiruhusu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018 kampuni ya Valve imetoa programu iitwayo Proton, inayowezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa katika Linux, na mwaka 2022 ikatoa chombo chake cha mkononi, Steam Deck, kinachotumia Linux. Nimejaribu kwa kompyuta ya mwanangu, na inafanya kazi vizuri. Lakini kwa maoni yangu huko ni kupanga chumba. Unaishi vizuri, ila huruhusiwi kutoboa ukuta, na funguo za nyumba anazo mwingine.

Tofauti hiyo ina historia. Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni ya Loki nchini Marekani, iliyonunua haki za michezo maarufu na kuitengeneza upya kwa ajili ya Linux. Kazi yao ilikuwa nzuri, lakini biashara haikusimama, na mwaka 2002 ikafungwa. Michezo waliyouza ikakosa mwenye ruhusa ya kuirekebisha. Kwa upande mwingine, waliotunga mchezo wa Doom waliyatoa maandishi yake ya ndani mwaka 1997, nao hadi leo unarekebishwa na kuchezwa katika kompyuta ambazo hazikuwapo ulipozaliwa. Ndiyo maana nasema mchezo huishi kwa watu wanaoruhusiwa kuutunza.

Sasa nitoe ungamo, maana najua baadhi ya walimu wananitazama kwa jicho la mashaka. Hofu yao ni kwamba michezo itawala vijana. Hofu hiyo ni ya kweli. Jumanne moja nilikuwa katikati ya vita vya Wesnoth, nikasema nimalize zamu moja tu, kisha moja tena. Mjukuu wangu alikaa kwenye lango la shule hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, akiningoja. Nilipofika hakulia wala hakuninung'unikia. Alisema tu, "Babu, ulikuwa unashinda?" Ndugu zangu, sijawahi kuona aibu kama ile. Tangu siku hiyo ipo saa ya mezani inayolia kando ya kompyuta yangu, na inapolia nasimama, hata kama mfalme wangu anakufa.

Kwa hiyo sisemi michezo haina madhara. Nasema tuwafundishe vijana kuitawala, tena tuanze na ile inayofunguka, ambayo kijana anaweza kuona ilivyoshonwa ndani.

Hapo ndipo ninapofikia zile kompyuta 18. Utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine za umri huo. Kwa sababu hiyo zimeitwa chakavu. Juzi nilizikagua kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule. Kumi na moja zinawaka. Nimeweka Linux katika moja, pamoja na OpenTTD, Wesnoth na Freeciv, na zote tatu zinaenda vizuri. Iko pale kwenye meza karibu na mlango, mwenye shaka akaijaribu. Mnunuzi wa vyuma ametaja bei ambayo haitoshi kununua hata kompyuta moja mpya.

Naomba mkutano uzingatie ombi langu. Tuipe shule muhula mmoja. Nitakuja kila Jumamosi, kwa nauli yangu, kuanzia saa tatu hadi saa sita. Hakuna mchezo siku za masomo. Kila mwanafunzi atakayecheza ataandika katika daftari alichobadilisha ndani ya mchezo, au kosa aliloligundua. Watakaopenda watafasiri maneno ya mchezo mmoja kwa Kiswahili, kazi ambayo leseni inaruhusu na ambayo mwalimu wa lugha anaweza kuisahihisha. Muhula ukiisha walimu watazame alama za vijana hao. Zikiwa zimeshuka, mimi mwenyewe nitazipakia kompyuta hizo kwenye mkokoteni na kuzipeleka kwa mnunuzi.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi hapa ni kwao na vijana hawa. Sitaki kijana wa leo avunjiwe ubao wake kabla mtu hajaketi naye kuutazama.

Saa yangu imekwisha kulia, nami nakaa.