MAJARUBA YA MJANE: Uhai na Mali katika Vijiji vyetu vya Bondeni
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei)





1. Utangulizi

Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya mali katika vijiji vya bondeni. Wazazi wa wengi wetu walishuka kutoka milimani wakaja Usangu, Pawaga na Idodi wakiufuata mpunga. Walifyeka, wakachimba mifereji, wakainua kingo za majaruba kwa jembe la mkono. Kwa hiyo tunaposema mali, hatusemi fedha iliyoko benki. Tunasema jaruba, zamu ya maji, jozi ya maksai na plau yake, nyumba ya matofali, na magunia machache ghalani.

Tuanze na kisa ambacho sisi wenyewe hatuna sifa ndani yake. Katika kigango kimoja cha bondeni alifariki baba wa familia, Mkristo mwema. Tulimzika kwa Misa, tukawafariji wafiwa, tukala chakula tulichoandaliwa, tukarudi parokiani. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa. Majaruba akapewa mdogo wa marehemu. Maksai na plau wakapewa wengine. Mjane akaachiwa nyumba, akaambiwa aitunze mpaka watoto wakue. Mpunga alioupanda kwa mikono yake mwenyewe ukavunwa na mtu mwingine. Katekista wetu alikuwamo katika kikao kile, akanyamaza, kwa kuwa ilisemwa kwamba hayo ni mambo ya ukoo.

Baada ya miezi kadhaa mama yule alifika parokiani. Hakuja kuomba haki. Alikuja kuomba debe la mahindi. Tulimpa debe, naye akashukuru sana. Usiku ule ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumetoa sadaka mahali palipodai haki.

2. Mali ya bondeni ina majirani

Jaruba lisilo na maji ni mbuga tu. Maji yetu hutoka katika milima ya Poroto na Kipengere, yakateremka Usangu, yakapita kinamasi cha Ihefu, yakawa mto Ruaha Mkuu, na kufika bwawa la Mtera ambako umeme huzalishwa. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mkulima akalaumiwa, mfugaji akalaumiwa. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 mipaka ya hifadhi ikapanuliwa hadi bondeni. Wako waliolala wakiwa wanakijiji, wakaamka wakiambiwa kwamba wako ndani ya hifadhi.

Tunayasema haya ili tukumbuke kwamba anayefungulia banio usiku, zamu ikiwa ya mwenzake, anaiba kama aibaye gunia. Tena mfugaji si adui yetu, na aliye mtoni chini yetu naye ana kiu.

3. Sheria inasema nini

Wengi hudhani kwamba mtu asiye na karatasi hana haki. Sivyo. Wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1973 hadi 1976, watu walihamishwa na mashamba ya wengine yakagawiwa upya. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila katika ardhi za vijiji hivyo. Lakini mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, nayo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Mtu hanyang'anywi mali yake bila fidia ya haki.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Tushike mambo manne.

Kwanza, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini. Si mwenye mali. Haiwezi kumgawia mtu ardhi pasipo idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani ninyi nyote mliotimiza miaka 18.

Pili, haki ya kimila yaweza kuandikwa katika hati, na majina ya mume na mke yakaandikwa pamoja.

Tatu, mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi ni batili.

Nne, katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alitamka huko Mwanza kwamba binti aweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama vile mwanamume awezavyo.

Hata hivyo tusidanganyane. Katika mirathi, Amri ya Sheria za Kimila ya mwaka 1963 ilimweka mjane kando na mabinti daraja la mwisho, na wazee wengi wa ukoo wangali wakiifuata moyoni. Ndiyo sababu jina lililoandikwa mapema lina nguvu kuliko machozi ya msibani.

4. Imani yetu inasema nini

Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alitetea haki ya mtu wa kazi kumiliki matunda ya jasho lake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba Mungu aliwaandalia watu wote mali ya dunia. Mafundisho hayo mawili hayapingani. Mali ni yangu ili niishi. Wala si yangu ili jirani afe.

Tunamfahamu Nabothi, aliyekataa kumpa mfalme Ahabu shamba la mizabibu la baba zake. Tuangalie jinsi alivyonyang'anywa: kulikuwa na barua, kulikuwa na muhuri, kulikuwa na kikao cha wazee na mashahidi wawili. Kila kitu kilionekana halali. Dhulma kubwa hupenda kuvaa nguo za utaratibu.

Tena wako mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alifariki bila mtoto wa kiume. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi. Musa hakuwaambia kwamba hayo ni mambo ya ukoo. Alilipeleka shauri lao mbele za Mungu, na Mungu akasema kwamba mabinti wale wana haki.

5. Basi tufanye nini?

(a) Kila kiongozi aliyeko hapa aanze na nyumba yake. Je, jina la mkeo limo katika hati? Je, umeandika wosia mbele ya mashahidi? Kuandika wosia si kujitabiria kifo.

(b) Cheti cha ndoa kitunzwe. Mahali pengi ndicho ushahidi wa kwanza wa mjane.

(c) Mauziano ya ardhi yasiishie kwenye karatasi ya daftari na sahihi ya mtu mmoja. Tuhudhurie mikutano ya kijiji, tudai mihtasari isomwe.

(d) Tusiuze mpunga ungali shambani. Anayechukua fedha mwezi wa pili ili kulipa magunia mwezi wa sita huuza jasho lake kwa nusu ya thamani. Jumuiya ziweke akiba ya nafaka, wenye njaa wakope humo.

(e) Tangu sasa katekista au mjumbe wa Haki na Amani asiondoke msibani kabla ya kikao cha ukoo. Aombe ruhusa kwa heshima, aketi, na aseme neno kwa ajili ya mjane na yatima. Nasi mapadre tunajifunga kwa hilo.

Mama yule hakurudishiwa majaruba yote. Baada ya mazungumzo marefu na wazee, alirudishiwa moja. Si haki kamili. Lakini msimu uliofuata hakuja kuomba debe.

6. Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu, ni mjane yupi aliyepoteza shamba, nasi tulikuwa wapi siku ile?
2. Nani hupanga zamu za maji katika mfereji wetu, na wanyonge hupata zamu ipi?
3. Mkutano Mkuu wa Kijiji ulikaa lini mara ya mwisho? Ni wangapi kati yetu tulihudhuria?

Mungu awabariki, awape ujasiri wa kukaa pale wengine wanapoondoka.