Tusiwatoe Shule, Tuwasomeshe Nyumbani

(Hotuba kwa wazazi na vijana wa Kiislamu, Gesima, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhani)



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.T) aliyetufikisha Ramadhani nyingine tukiwa na uhai, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana mlionialika, nataka tuzungumze waziwazi jambo ambalo limekuwa likisemwa pembeni pembeni. Wako wazazi miongoni mwetu wanaojiuliza: si afadhali nimtoe mtoto shule, nimsomeshe mwenyewe nyumbani? Na sababu wanayo. Sisi Waislamu huku Gesima ni wachache. Mtoto wako anasoma shule ambayo mfadhili wake ni kanisa, kama zilivyo shule nyingi za Gusii, na kipindi cha dini kikifika mwalimu aliyepo ni wa dini ya Kikristo. Mtoto atakwenda wapi? Anakaa humo humo darasani. Akifika gredi ya sita anakueleza habari za Paulo na safari zake zote, lakini ukimwambia asome Alhamdu anakwama katikati. Hilo linauma, wala simlaumu mzazi anayelia kwa ajili yake.

Lakini kumtoa shule si dawa. Kwanza, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule, na anayekataa bila sababu anaweza kutozwa faini au kufungwa. Pili, mpango wa mitihani umebadilika. Zamani mtoto angeweza kusoma popote kisha akaja kufanya KCPE siku ya mwisho. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi alama zinakusanywa shuleni mwaka hata mwaka: mtihani wa gredi ya 9, yaani KJSEA, unabeba asilimia 60, wa gredi ya 6 unabeba 20, na kazi ya darasani inayotumwa na mwalimu inabeba 20 nyingine. Mtoto aliyefungiwa nyumbani nani atamtumia hizo alama? Wapo wenye uwezo kule Nairobi na Mombasa wanaowasomesha watoto nyumbani kwa silabasi ya Uingereza, wanalipia vitabu na mitihani kwa pesa nyingi. Alhamdulillah, wana uwezo. Sisi tunategemea majani chai na ndizi.

Kwa hiyo ninalosema ni hili: mtoto abaki shule, na nyumba iwe shule ya pili. Si badala yake. Juu yake.

Msiniambie haiwezekani, maana sote tumeshawahi kuifanya. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, shule zote za Kenya zilifungwa. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba 12 mwaka ule, na wengine wakangoja mpaka Januari 4, 2021. Miezi tisa na zaidi! Serikali ikatoa masomo kwa redio na televisheni, na wenye simu nzuri wakaambiwa wasome kwa intaneti. Huku kwetu redio ya betri ilimfaa mtoto kuliko simu isiyo na bando. Na nyumba zilizofaulu hazikuwa zile zenye pesa. Zilikuwa zile ambazo mama au baba au dada mkubwa alisema, saa hii ni ya kitabu, na saa hiyo ikafika kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa tazama Ramadhani inavyotusaidia. Miaka hii imeangukia muhula wa kwanza, shule zikiwa wazi, na wengi wanaona ni mzigo. Mimi naona ni ratiba iliyotoka mbinguni. Nyumba nzima imeamka kula daku. Taa imewaka, moto uko jikoni, chai iko mezani. Baada ya Alfajiri watoto wengine wanarudi kulala nusu saa, kisha wanakurupushwa kwenda shule. Hiyo nusu saa ndiyo ninayoitaka! Kichwa cha mtoto alfajiri ni kitupu na kisafi, ndicho cha kuhifadhia. Aya tatu tu. Asizidishiwe. Jioni, wakati mama anakaanga na kila mtu anatazama saa, mtoto azisome zile aya tatu kwa sauti hapo hapo jikoni. Mama hahitaji kuacha chungu kumsikiliza. Aya tatu kwa siku, siku 29 au 30, Ramadhani inaisha mtoto ana aya themanini na saba au tisini, na sura za mwisho za Juzuu Amma ni fupi, atakuwa amemaliza sura nyingi. Baada ya Idi msiache. Amkeni saa ile ile, hata kama hakuna daku.

Mzazi mwingine atasema, mimi mwenyewe sikusoma, kisomo changu ni cha kubabaisha. Vizuri, kaa na mtoto msome pamoja. Kuna msomaji mashuhuri wa Misri, marehemu Sheikh al-Minshawi, ana rekodi ambayo anasoma aya polepole na sauti za watoto zinarudia nyuma yake. Nyingine ni ya Sheikh al-Husary, naye anasoma taratibu, kila herufi inasikika. Mwombe kijana mwenye simu akuwekee kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu mara moja tu, halafu unacheza bila bando mwaka mzima. Ila kadi haisahihishi ulimi. Mtoto akitamka vibaya, spika itaendelea tu na safari yake. Ndiyo maana tunahitaji ustadhi atoke Kisii mjini walau mara mbili kwa mwezi awasikilize watoto wote, na nauli yake ya matatu tukiigawana nyumba sita haimuumizi mtu.

Tukija kwenye masomo ya shule, hapo ndipo watu wanapotupa pesa bure. Muuza vitabu akikuambia kuna kitabu cha marudio cha kila somo, unanunua vinane, mtoto hafungui hata viwili. Anza na vile visivyolipiwa. Tangu 2018 serikali inapeleka vitabu moja kwa moja kwenye shule za umma, kwa nia kwamba kila mtoto awe na chake. Nenda kwa mwalimu kwa heshima, uombe mtoto abebe kitabu jioni, na umhakikishie kitarudi kizima. Mtaala wa kila somo, pamoja na somo letu la IRE, unapatikana bure kwenye tovuti ya KICD. Nenda saiba, usichapishe kitabu kizima. Ukurasa ukiwa shilingi 10, kurasa 60 ni shilingi 600, hiyo ni pesa ya unga. Chapisha kurasa za muhula huu peke yake. Hadithi za watoto za Kiswahili ziko African Storybook, nazo ni bure, mtu anaweza kuzipakua akiwa mjini na kuzisoma akiwa nyumbani bila mtandao. Soko la Keroka pia usilipite bila kuuliza vitabu vilivyotumika, lakini angalia jalada: kitabu cha 8-4-4 hata kikiwa shilingi 30 hakifuati mtaala wa sasa. Kamusi haina neno, ya zamani inafaa.

Na hisabati, wallahi, iko shambani. Mama amepima kilo 18 asubuhi na 14 jioni kwenye kituo cha majani chai. Karatasi ya mzani usiitupe, mpe mtoto. Ajumlishe wiki. Atafute wastani wa siku. Mwezi ukiisha alinganishe hesabu yake na malipo yaliyoingia. Hapo atajifunza kujumlisha, na mama naye atajua kama kilo zake zimefika zote! Wadogo wape vifuniko vya soda na punje za mahindi. Ubao? Kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, na jiwe la sabuni la Tabaka linaandika kama chaki.

Hisabati ikiwashinda nyote nyumbani, mwite jirani. Usiseme yule si Muislamu. Katika vita vya Badr, wale mateka wa Makka waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikomboa, imepokewa kwamba fidia yao ilikuwa kila mmoja kuwafundisha watoto kumi wa Madina kuandika. Hawakuwa Waislamu, tena walikuja kupigana! Mwalimu jirani yako amekukosea nini?

Wala kufundisha dini kwa vitu vya bei ndogo si aibu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianza 1930 na gazeti dogo tu lililoitwa Sahifa, akiwaandikia watu kwa Kiswahili chao. Makala yale yakakusanywa yakawa kitabu, Uwongozi, 1944. Aliandika pia masomo ya dini ya watoto. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, akatuachia tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyotoka kamili 1969. Kazi za wanazuoni hawa ziko katika lugha tunayozungumza sokoni. Mzazi wa Gesima hahitaji kujua Kiarabu kwanza ndipo amweleze mtoto maana ya Suratul Ikhlas.

Sasa jambo la mwisho, na hili tulikamilishe leo kabla ya kufuturu. Nyumba sita, kila nyumba shilingi 100 kwa mwezi. Badala ya kila mzazi kununua kitabu kile kile, tununue tofauti, tuviweke kwenye sanduku moja: Juzuu Amma, Yasarna, tafsiri ya al-Farsy, kitabu cha IRE cha gredi ya 4 mpaka ya 6, kamusi, na hadithi. Sanduku litahama nyumba kila wiki baada ya Ijumaa. Daftari la kuazima liwekwe na mmoja wa hawa mabinti wa sekondari, wao wana mwandiko mzuri na hawana huruma na anayechelewesha. Misahafu ifungwe kwa kitambaa na iwekwe juu, isilaliwe na vitabu vingine.

Halafu wazazi wawili au watatu, pamoja na mzee wa msikiti, waende kwa mwalimu mkuu shule zitakapofunguliwa Jumatatu. Wasiende kugombana. Waombe jambo moja: watoto wetu waandikishwe IRE, kwa sababu KJSEA ina karatasi ya IRE, na sisi tutachukua jukumu la kuwasomesha. Mwalimu mkuu akiuliza, mtawasomesha na nini, mumuonyeshe lile sanduku na daftari lake.

Nani anaanza na shilingi 100? Nyumba ya kwanza ijitaje sasa hivi, kuna dakika kama ishirini kabla ya adhana.