Udahili wa Vyuo Viwili vya Udaktari: Uamuzi Uanzie Wodini

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji wa elimu ya juu nchini Tanzania walipoanza tena kupeleka maombi moja kwa moja vyuoni badala ya kupitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, limekuwa jambo la kawaida kwa mhitimu wa kidato cha sita aliyefaulu vizuri fizikia, kemia na baiolojia kujikuta amedahiliwa katika vyuo viwili au zaidi kusomea shahada ya udaktari wa binadamu. Utaratibu unamtaka athibitishe chuo kimoja tu, kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa ujumbe mfupi wa simu au baruapepe, tena ndani ya muda mfupi uliotangazwa. Katika muda huo familia nyingi huamua kwa kutazama umaarufu wa chuo, ukubwa wa mji, au mahali aliposoma ndugu aliyetangulia. Vigezo hivyo ni dhaifu, kwa kuwa havigusi kabisa mahali ambapo udaktari hujifunzwa, napo ni wodini.

Ipo hofu moja inayostahili kuondolewa mapema, nayo ni ile ya wazazi wanaoamini kwamba shahada ya chuo cha serikali ina uzito kuliko ya chuo kinachomilikiwa na taasisi ya dini. Programu ikiwa na ithibati, yaani kibali cha TCU kinachothibitisha kwamba imekidhi viwango vya kufundishwa, wahitimu wote hupita njia ileile: miaka mitano ya masomo, kisha mwaka mmoja wa utarajali, ambao ni kipindi cha kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, na baada yake usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Baraza halina daftari moja la waliosoma Dar es Salaam na jingine la waliosoma Moshi, Mwanza au Dodoma.

Tofauti ya kweli baina ya vyuo inaonekana vizuri zaidi mtu akichukua viwili na kuvitazama kwa karibu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina mizizi yake katika shule ya tiba iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na kimezungukwa na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, huku Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ikiwa katika jiji hilohilo. Mwanafunzi wa hapo huwa karibu na wagonjwa waliopewa rufaa kutoka pande zote za nchi, wakiwamo wale wanaohitaji upasuaji wa moyo au wa ubongo, na huwaona madaktari bingwa wa fani ambazo katika mikoa mingi hazina hata daktari mmoja. Kwa kijana anayevutiwa na utafiti au ubingwa wa ngazi ya juu, ujirani huo ni hazina.

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, kilichoanza mwaka 2003 kama chuo kishiriki, kinafundishia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyoko kilimani jijini Mwanza na inayohudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa. Hapo mwanafunzi hukutana na kichocho cha utumbo, maradhi ya minyoo yanayotokana na kugusa maji yenye vimelea, ambayo yakikomaa huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya damu ya koo la chakula hadi mgonjwa akatapika damu. Hukutana pia na watoto wengi wenye seli mundu, ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu zipinde na kuziba mishipa midogo, na kumletea mtoto maumivu makali na upungufu wa damu. Zaidi ya hayo, hujifunza kuchukua historia ya ugonjwa kutoka kwa bibi asiyejua ila Kisukuma, akimtegemea mjukuu au muuguzi kumfasiria, na hilo ni zoezi ambalo daktari wa wilayani atalihitaji maisha yake yote. Maradhi hayo yapo Muhimbili pia, lakini kukiona kichocho cha aina hiyo mara chache si sawa na kukiona kila siku ya kliniki.

Hata hivyo, wingi wa wagonjwa hauna faida ikiwa mwanafunzi hawafikii. Miaka miwili ya mwanzo hutumika zaidi katika sayansi za msingi, kama anatomia, ambayo ni elimu ya maumbile ya mwili, na fiziolojia, ambayo ni elimu ya utendaji wake. Kuanzia mwaka wa tatu mwanafunzi huhamia wodini na kuzunguka katika idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Huko mwalimu hufundishia kando ya kitanda, akimtaka mwanafunzi apapase tumbo, asikilize mapafu, aeleze alichokiona na kutetea hitimisho lake. Kitanda kikizungukwa na wanafunzi sita, kila mmoja hupata zamu yake. Kikizungukwa na ishirini, walio nyuma huandika tu yanayosemwa na walio mbele, na mgonjwa mwenyewe huchoka kabla ya wa saba kumgusa. Katika hospitali kubwa sana wapo pia madaktari wanaosomea ubingwa, ambao kwa haki kabisa hutangulia katika chumba cha upasuaji. Idadi ya wanafunzi kwa kila kitanda na kwa kila mwalimu ndiyo takwimu muhimu kuliko zote katika uchaguzi huu, na inasikitisha kwamba ni nadra kuikuta katika matangazo ya vyuo.

Kuhusu fedha, ada za vyuo vya serikali kwa kawaida ni ndogo kuliko za vyuo binafsi na vya dini, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu unaweza kulipia sehemu tu ya ada. Familia ipige hesabu ya miaka mitano, ikijumlisha pango na nauli, bila kudhani kwamba posho ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, itaziba kila pengo.

Nafasi ya pili nayo ina mwenyewe. Vyuo vya udaktari hupokea idadi yenye kikomo, kwa sababu walimu na vitanda vina kikomo, hivyo anayechelewa kuthibitisha hushikilia kiti ambacho mwombaji wa awamu inayofuata anakisubiri. Wala si busara kuthibitisha chuo kimoja kwa nia ya kuhamia kingine baadaye, kwa maana uhamisho hutegemea nafasi kuwapo.

Basi kila mwenye udahili wa vyuo viwili awatafute wanafunzi wa mwaka wa nne wa kila chuo na kuwauliza ni wangapi husimama kando ya kitanda kimoja, mwalimu hufika wodini mara ngapi kwa juma, na wao wenyewe wamezalisha akina mama wangapi kwa mikono yao. Kisha athibitishe kabla ya siku ya mwisho, na kukiachia chuo kingine nafasi yake.