Mtafiti Akija Kijijini: Tulinde Habari za Familia za Wanajeshi

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka vijiji vilivyo karibu na kambi za jeshi)



Nimeombwa niseme juu ya watafiti wanaokuja kuuliza habari za familia za wanajeshi. Katika vikundi vyenu kuna wake za wanajeshi, kuna wajane, na kuna wazee waliostaafu jeshini. Tangu jeshi letu lilipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, watu wengi wametaka kujua familia hizi zinaishi namna gani. Mama anabaki vipi na watoto? Aliyerudi na jeraha anapata wapi kazi? Mjane anafuatilia vipi pensheni?

Hayo ni maswali mazuri, na majibu yake yanaweza kuleta msaada. Sikuja kuwaambia mfukuze watafiti. Nimekuja kusema neno moja: habari za mtu ni zake, na yeyote anayezichukua amebeba amana. Kwa hiyo tuulize kabla ya kutoa, si baada ya kutoa.

KUFICHA JINA HAKUTOSHI

Mtafiti husema, "Mama, usiogope, sitaandika jina lako." Ni vizuri. Lakini hebu tufikiri pamoja. Tuseme ameandika hivi: mwanamke wa miaka 38, mume wake alikuwa sajini, alirudi bila mguu mmoja, wana watoto watano, anauza mboga karibu na lango la kambi. Jina halipo. Lakini nani hapa kijijini hatamjua? Hata makanga wa matatu atamtaja!

Na kama mama huyo alisema kwamba bwana yake huamka usiku akipiga kelele, au kwamba pombe imemshinda, basi habari hiyo itafika kwa majirani na kwa mashemeji. Itafika pia kwa yule mtu aliyekuwa anataka kumwajiri bwana huyo kama mlinzi. Kazi itapotea, na hakuna atakayemweleza sababu.

Mambo haya yamewapata hata wenye majeshi makubwa. Kuna kampuni iitwayo Strava, ambayo programu yake hupima mwendo wa watu wanaofanya mazoezi ya kukimbia. Mwaka wa 2017 kampuni hiyo ilitoa ramani ya dunia inayoonyesha njia ambazo watu walipitia. Hapakuwa na jina hata moja. Lakini Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliitazama vizuri, akaona kwamba katika sehemu za Syria na Afghanistan, mahali ambapo ramani ilikuwa giza tupu, kulikuwa na mistari iliyong'aa ikizunguka kambi za jeshi. Wanajeshi walikuwa wamekimbia na simu na saa zao, na nyayo zao zikaonyesha kambi. Agosti mwaka huo huo, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikakataza wanajeshi walio katika maeneo ya operesheni kutumia vifaa vinavyoonyesha mahali mtu alipo.

Somo ni hili: kipande kimoja cha habari hakimtaji mtu. Vipande vitano vikiunganishwa, humtaja.

HABARI HUPOTEA HATA BILA NIA MBAYA

Mwezi wa Mei 2006, huko Marekani, mfanyakazi wa idara inayohudumia wanajeshi wastaafu alikuwa amepeleka kazi nyumbani kwake. Wezi wakavunja nyumba, wakaiba kompyuta na kifaa cha kuhifadhia habari. Ndani yake mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na nambari za utambulisho za watu kama milioni 26.5. Wizi ulitokea tarehe 3. Wananchi walitangaziwa tarehe 22.

Vifaa vilipatikana mwezi wa Juni, na wapelelezi wakasema hakuna dalili kwamba habari zilifunguliwa. Hata hivyo wastaafu walikuwa wamekwenda mahakamani, na mwaka wa 2009 serikali ilikubali kulipa dola milioni 20. Mfanyakazi yule hakuwa mwizi. Alitaka tu kumaliza kazi. Basi usimpime mtafiti kwa uso wake mzuri. Muulize karatasi zitalala wapi, na nani ana ufunguo.

MTU AKIWA HURU HUSEMA KWELI

Wengine husema kwamba kulinda siri ni kuficha ukweli. Sivyo. Mwaka wa 2008 kikosi kimoja cha Marekani kilichotoka vitani Iraq kiliulizwa juu ya afya ya akili kwa njia mbili. Kwanza kwa fomu ya kawaida ya jeshi, yenye jina. Kisha kwa karatasi isiyo na jina. Katika karatasi isiyo na jina, waliosema wana huzuni nzito, wana athari za vita, au wamefikiria kujiua, walikuwa mara 2 hadi 4 zaidi ya wale wa fomu ya kawaida. Hata waliotaka kutibiwa waliongezeka hivyo hivyo. Mnaona? Walio na shida walikuwapo tangu mwanzo. Walinyamaza kwa sababu ya jina.

Jambo la pili ni nani amekaa pale. Kanuni za utafiti za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zinakataza mkubwa wa askari kuwapo wakati askari anaombwa kushiriki, kwa maana askari hawezi kukataa mbele ya mkubwa wake. Sisi nasi tujiulize. Mama atakataaje ikiwa chifu amekaa pale, au mwenyekiti wa kikundi, au mama mkwe? Ndiyo ya namna hiyo si ndiyo.

SHERIA YETU INASEMA NINI

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na habari za jamaa yake. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Sheria hii inazihesabu habari fulani kuwa nyeti: afya, kabila, imani, mali, ndoa, na majina ya watoto, wazazi, mume au mke. Tazameni, hayo ndiyo hasa yanayoulizwa nyumbani kwa mwanajeshi.

Chini ya sheria hii, una haki ya kuambiwa habari zako zitatumiwa kwa nini. Una haki ya kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Ukikubali leo, unaweza kuondoa kibali chako kesho. Habari za mtoto zinahitaji kibali cha mzazi au mlezi. Utafiti umepewa nafasi yake katika sheria, lakini matokeo yasitangazwe kwa namna inayomfichua mtu. Habari zikivuja na kuhatarisha watu, mwenye kuzitunza anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72.

Na ukidhulumiwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna kwa maandishi au kwa mdomo. Nasisitiza: hata kwa mdomo. Asiyejua kuandika asinyamaze.

UTAFITI SI FIDIA

Wenzetu wa Dol Dol na Archer's Post wanakumbuka mwaka wa 2002, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilipokubali kulipa fidia watu walioumizwa na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi. Kwa hiyo si ajabu mtu akimwona mgeni na kalamu afikirie fidia, na aseme kila kitu hata kile ambacho hakuulizwa. Mtafiti anaandika ripoti. Wakili anapeleka madai. Muulize mgeni waziwazi: wewe ni nani kati ya hao? Na mkweli atajibu waziwazi.

MASWALI SITA KABLA YA KUJIBU

1. Unatoka wapi, na iko wapi leseni yako ya utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu?
2. Nani anagharamia kazi hii, na nani atapata majibu? Je, jeshi litaona jibu la mtu mmoja mmoja?
3. Kwa nini unahitaji kila jambo unaloliuliza? Kwa nini nambari ya kitambulisho? Kwa nini jina la kikosi?
4. Majina yatatengwa na majibu? Orodha ya majina itafungiwa wapi, na itaharibiwa lini?
5. Nikikataa, au nikiacha katikati, nitapoteza msaada wowote?
6. Utarudi lini kutusomea mliyoyapata?

Na kuna mambo ambayo hatuyasemi kwa mtafiti yeyote: bwana yuko kambi gani sasa, atasafiri siku gani, atarudi lini kwa likizo. Utafiti wa maisha ya familia hauhitaji hayo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

DAFTARI LA KIKUNDI

Namalizia na sisi viongozi. Mgeni akija, mara nyingi hamwendei mama nyumbani. Anakuja kwa mwenyekiti na kusema, "Nipe orodha ya wanachama." Nasi kwa ukarimu tunamfungulia daftari, lenye majina, nambari za simu, vitambulisho, mikopo, na nani ni mjane wa nani. Akina mama walituandikia hayo kwa ajili ya akiba yao. Hawakuyaandika kwa ajili ya mgeni. Mwenyekiti amepewa daftari alitunze, hakupewa aligawe.

Njia iliyo nyoofu ni hii: mgeni aeleze kazi yake mbele ya mkutano, aondoke, wanachama wazungumze, kisha kila anayetaka amfuate kwa hiari yake. Asiyetaka asiulizwe sababu. Liandikeni jambo hili katika sheria za kikundi chenu kwenye mkutano ujao, na katibu alisome kwa sauti.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Daftari letu linawekwa wapi, na ni watu wangapi wanaweza kulifungua?
2. Mtafiti wa mwisho aliyekuja kwetu alituachia nini? Je, alirudi?
3. Ni habari gani za mwanachama ambazo kikundi hakizihitaji, nasi tunaziandika?