Baba Anaponyamaza

Leo twataka kusema na akina baba wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na akina mama walio nao nyumbani. Jambo hili halitajwi sana makanisani mwetu, nasi hatuoni faida ya kulifunika.

Yuko baba amezaye dawa zake kila siku bila kukosa. Amepimwa, na virusi havionekani tena katika damu yake. Hata hivyo huamka amechoka, jembe humshinda kabla ya saa nne, misuli imepungua, na hamu ya kuwa na mkewe imekwisha. Kwa aibu hunyamaza. Mke naye adhani kuna mwanamke mwingine. Mwishowe baba huzilaumu dawa na kuziacha, na hapo virusi hupata nafasi ya kuongezeka tena.

Pengine shida iko katika homoni. Korodani za mwanamume hutengeneza homoni iitwayo testosteroni, kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ndiyo isaidiayo misuli, mifupa, kuongezeka kwa damu, na hamu ya ndoa. Madaktari wameona kwamba hupungua zaidi kwa wanaume wenye virusi kuliko kwa wenzao wa rika moja. Ugonjwa wa siku nyingi huipunguza, na kukonda sana, na unene uliozidi, hata baadhi ya dawa kali za maumivu.

Basi, ndugu, usiache dawa zako. Mweleze daktari waziwazi, hata akiwa kijana wa umri wa mwanao. Damu hupimwa asubuhi, maana ndipo homoni hii huwa juu, kisha hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuamua lolote. Uchovu waweza pia kuletwa na upungufu wa damu, kisukari au huzuni nzito. Kwa hiyo sindano za kujinunulia sokoni tunazikataa kabisa. Ikithibitika, kuna sindano za hospitali na dawa ya kupaka ngozini, na daktari ataendelea kuangalia damu isizidi kuwa nzito, pamoja na tezi dume.

Kama mngali mnatafuta mtoto, semeni mapema. Homoni ikitiwa kutoka nje, amri ya kule kichwani hukoma, na mbegu hupungua sana. Daktari akijua hayo ataangalia njia nyingine. Mama naye afuatane na mumewe siku hiyo, ayasikie mwenyewe.