Baridi Haishindwi kwa Kufunga Mlango

(Maneno ya wajumbe wawili mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia, mwezi wa Mei, kabla ya majira ya baridi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya safari yetu ya Norwe. Kama mjuavyo, sisi wawili tulikaa huko tangu katikati ya Januari hadi Pasaka, nyumbani kwa jamaa moja ya mji wa Tromsø, kaskazini kabisa ya nchi hiyo. Tangu turudi, kila mtu anatuuliza swali moja tu: "Ile baridi mliponea wapi?" Leo tutajibu. Lakini kwanza tukumbushane jambo la hapa kwetu.

Mwaka jana mwezi wa Julai tulizika mama na mtoto wake wa shule. Hawakuwa wagonjwa. Ulikuwa usiku wa ukungu na manyunyu. Wakaingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha, wakaziba hata ufa wa mlango kwa gunia. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu huenda katika usingizi. Jirani alibisha hodi, kimya. Na tuseme ukweli ingawa unauma: alibisha hodi siku ya pili. Mwezi ule hakuna aliyekuwa akimtembelea mwenzake. Mkutano wa kikundi chetu ulikuwa umeahirishwa mara tatu, "mpaka baridi iishe."

Basi tulikwenda Norwe tukiwa na mzigo huo moyoni.

Nchi ambayo jua hupotea

Hebu fikirini. Tromsø jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Saa sita mchana kuna mwanga wa samawati kwa muda wa saa chache, kama wa alfajiri, halafu giza linarudi. Theluji nayo hukaa miezi mingi. Tarehe 29 Aprili 1997 waliipima pale mjini wakakuta kina cha sentimita 240. Mrefu kuliko wote humu ndani na asimame: angefunikwa, kofia na yote. Na hiyo ni Aprili, wakati sisi tuko shambani na majembe!

Tulidhani tutakuta watu wamejikunyata ndani kama kuku wakati wa mvua. Lo! Asubuhi ya kwanza tulipelekwa kuona shule ya chekechea. Watoto wachanga walikuwa wamelala nje, ndani ya vigari vyao, wamefunikwa blanketi za sufu, mwalimu akipita kuwachungulia. Wakubwa kidogo walikuwa wakipanda kilima na vibao vya plastiki, wanavikalia, kisha wanateleza mpaka chini wakipiga kelele. Wanaanguka, wanacheka, wanapanda tena.

Tukamwuliza nyanya wa ile nyumba tuliyokaa: je, hawatashikwa na homa? Akacheka. Akatuambia msemo ambao kila mtu huko anaujua, kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu.

Hapo tulidhani ni mzaha, lakini tuliona ni elimu. Mtoto huvalishwa nguo ya sufu inayogusa ngozi, juu yake sweta, na juu kabisa vazi la kuzuia upepo na maji. Pamba haigusi ngozi, kwa maana pamba hushika jasho, na jasho likipoa ndilo linaloleta baridi. Tulijifunza kwa aibu. Mmoja wetu alivaa shati la pamba na sweta nne, akapanda mlima kwa haraka, akatoka jasho, na tuliposimama akaanza kutetemeka meno yakigongana. Nyanya alimvua na kumvalisha upya kama mtoto wa miaka mitatu. Tena kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hutembea na kipande kinachong'aa taa ya gari ikikimulika. Giza lipo, lakini watoto hawafungiwi ndani kwa sababu ya giza.

Siku ya jua

Sasa tuje kwenye desturi, maana hizo ndizo zinazobeba majira yale marefu. Kila kitu kina siku yake, na watoto huihesabu.

Tarehe 21 Januari ndiyo siku ya jua kurudi Tromsø. Kwa kweli jua huwa limefika siku chache kabla, lakini milima hulificha. Siku hiyo watu hutazama upande wa kusini kulingojea, hata kama ni kwa dakika chache. Tena huliwa mandazi ya duara yenye jamu ndani, yaitwayo mandazi ya jua. Watu hupanga foleni madukani toka asubuhi.

Tulitoka pamoja na watoto wa nyumba ile. Mawingu yalikuwa yametanda, na jua hatukuliona hata kidogo. Tuliwatazama watoto tukifikiri watalia. Wapi! Walikula mandazi yao palepale kwenye theluji, pua nyekundu, jamu mpaka kwenye masikio. Yule mdogo akatufariji sisi: jua liko nyuma pale, ni kwamba halionekani tu.

Chakula nacho kina msimu wake. Tangu Januari samaki wakubwa aina ya chewa hufika pwani kuzaa, na jamaa hukutana kula samaki huyo, ini lake na mayai yake, vyote vimechemshwa. Na kuna mafuta ya ini la samaki, kijiko kimoja kila asubuhi. Wazee wao husema yanywewe katika kila mwezi wenye herufi R katika jina lake, yaani Septemba hadi Aprili. Sababu yake ni nzuri: mwili hutengeneza vitamini D kwa jua, na jua likikosekana ni lazima itoke kwenye chakula. Tuliyanywa tukifumba macho. Bado tunayakumbuka!

Jumapili ya kutoka

Jumapili ndiyo siku ya kutoka na jamaa nzima. Mfuko hutayarishwa: chupa ya chai inayohifadhi moto, mkate, machungwa, chokoleti na soseji za kuchoma. Wakifika mahali pazuri, watoto huchimba kiti kwenye theluji na kutandika ngozi, baba anawasha moto, na nyanya anasimulia alivyokuwa akienda shule kwa mbao za kutelezea.

Mbao hizo huitwa ski. Ni ndefu, nyembamba, na hufungwa miguuni. Sisi tulizivaa. Hatutasema tulianguka mara ngapi, ila tulinyanyuliwa na mtoto wa miaka mitano, naye hakutucheka mpaka tulipofika nyumbani.

Kila mara tulipotaja Kenya kulikuwa na mzee aliyesema, "Ah, Boit!" Wengi wenu mmemsahau. Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Katika mbio za kilomita 10, Bjørn Dæhlie wa Norwe alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika wa mwisho, nafasi ya 92, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie, bingwa wa dunia, aliendelea kungoja mstarini, na Mkenya wetu alipofika akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Huko wanaikumbuka kwa sababu inafanana na desturi yao ya Jumapili: hakuna anayerudi nyumbani kabla wa mwisho hajafika.

Nani anatengeneza njia?

Sasa sikilizeni, vikundi vya kujisaidia, hapa ndipo penye somo. Njia za kutelezea zimepigwa mistari vizuri na nyingi zina taa. Tukauliza, ni serikali? Wakasema, serikali ya mtaa husaidia, lakini kazi nyingi ni ya vilabu na watu wa kujitolea. Wana neno lao, *dugnad*. Maana yake ni watu kukutana siku moja, kufanya kazi ya wote bila malipo, halafu kula pamoja. Tukatazamana tukacheka. Hiyo si harambee? Kidole kimoja hakivunji chawa, hata penye theluji.

Kabla ya theluji kuanguka, shule na vilabu vingi hufanya siku ya kubadilishana vifaa. Viatu vilivyombana huyu vinamfaa yule, kwa bei ndogo.

Kuna pia chama cha watembeaji kilichoanzishwa mwaka 1868. Kina nyumba zaidi ya 500 milimani na misituni. Nyingi hazina mlinzi. Mwanachama hupewa ufunguo, na ufunguo mmoja hufungua nyumba nyingi. Ukifika unawasha moto, unachota maji, na penye stoo ya chakula unachukua, kisha unaandika ulichotumia na kulipa mwenyewe. Kabla ya kuondoka unapasua kuni za mgeni ajaye, ambaye hutamwona kamwe. Pasaka jamaa nyingi huenda kwenye nyumba za namna hiyo au za kwao wenyewe, na huko husoma hadithi za upelelezi. Ni desturi ya Pasaka kiasi kwamba hata pakiti za maziwa huchapishwa hadithi hizo!

Tusidanganyane

Msifikiri huko ni peponi. Wana umeme wa kupasha nyumba moto na magari ya kuondoa theluji barabarani. Sisi hatuna. Tena wapo wanaolemewa na huzuni ya giza, na wapo wazee wanaokaa peke yao.

Nyanya wetu alitueleza yake. Alipofiwa na mumewe, alikaa ndani karibu majira yote ya baridi, mapazia yamefungwa. Aliyemtoa ni jirani. Kila Jumatano mama huyo alikuja akasimama mlangoni na viatu vyake miguuni, akakataa kuingia, akakataa kahawa. Alisema tu, "Vaa, twende." Majuma matatu nyanya alikataa. Juma la nne alivaa.

Ndugu zetu, tuliposikia hayo tulinyamaza. Tulimfikiria yule mama yetu na mtoto wake. Hakukosa jiko. Alikosa mtu wa kusimama mlangoni Jumatano.

Tunapendekeza nini?

Juni inakuja, na Julai, na Agosti. Hatuna theluji, lakini tuna ukungu, manyunyu, na sakitu huko juu. Tunapendekeza hivi:

Kwanza, mkutano wa kikundi usiahirishwe kwa ajili ya baridi. Ufupishwe, lakini ufanyike, na uwe na uji wa moto.

Pili, kila Jumatano watu wawili wapite kwa zamu kwa wazee, wajane na walio peke yao. Wakiwa hapo watazame jiko: makaa yawashiwe nje, na lisiachwe likiwaka chumbani wakati wa kulala. Usiku tutegemee blanketi.

Tatu, mwisho wa mwezi huu tuwe na siku ya kubadilishana sweta, makoti na gambuti za watoto.

Nne, Jumamosi moja kila mwezi iwe siku ya jamaa zote uwanjani. Kuvuta kamba, mbio za magunia, mahindi ya kuchoma, wazee kusimulia. Na iwe na jina, ili watoto waihesabu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Safari hii wageni tulikuwa sisi, na waliopona ni sisi.

*Maswali ya kuzungumzia kikundini*

1. Ni nani katika kijiji chetu ambaye hajaonekana tangu juma lililopita? Nani atakwenda kwake kesho?
2. Wazazi wetu walikuwa na michezo na desturi gani za majira ya baridi? Zipi zinaweza kurudishwa?
3. Nyumba ngapi katika kikundi chetu hulala na jiko la makaa ndani? Tutasaidianaje kupata blanketi?